Kadi ya Picha na Ushahidi wa Jirani

Mtu wa Njoro, au wa mtaa mwingine wowote wa Moshi, hakosi ulimi wa kuzinena taabu zake: atakuhesabia moja baada ya nyingine, tangu karo ya watoto mpaka bei ya mchele na kodi ya chumba, na ukimwuliza kasoro za jirani yake, hizo nazo hazitakosa mwenye kuzisimulia. Lakini umwulize ana nguvu gani ya nafsi, ni hulka ipi njema iliyomvusha katika misukosuko ya maisha ilhali wengine waliangukia njiani, naye atainamisha macho, atacheka kidogo, kisha atajibu kwamba yeye ni mtu wa kawaida tu. Jawabu hilo halitokani na ufukara wa sifa. Linatokana na malezi, na malezi hayo yana hoja zake, ambazo kila mwenye kutaka kuwafundisha watu kujithamini sharti azisikilize kwa taadhima kabla ya kufungua kinywa chake.

Sote tumelelewa na methali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji. Fauka ya hayo, msikiti unatuonya dhidi ya kibri na kanisa linatuonya dhidi ya majivuno. Na chini ya maonyo hayo mawili imo hofu ya kale kuliko yote mawili, hofu ya kijicho, ambayo kwayo mzazi anayesikia mwanawe akisifiwa mbele za watu husema mashallah upesi, au huibadili habari, au humtaja mtoto huyo kwa kasoro ndogo ili kumkinga. Maadamu hali ni hiyo, mshauri anayeingia darasani au katika kikundi cha akina mama akawaamuru waandike sifa zao tatu katika karatasi, huwa amewataka wavunje adabu, na hapaswi kustaajabu akipewa karatasi tupu.

Kwa ajili ya uzito kama huo wa mtu kuzinena sifa zake ndipo zilipobuniwa kadi za picha. Katika miaka ya 1990 shirika la huduma za familia la St Luke's, katika mji wa Bendigo nchini Australia, lilichapisha kadi zenye michoro, kila moja ikiwa na sifa yake, ili mtumishi wa jamii aliyeitembelea familia yenye matatizo asianze na matatizo bali amtandazie mwenyeji kadi mezani na kumwomba achague. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, wakatoa kitabu kikubwa kilichoainisha sifa 24 za tabia njema chini ya fadhila 6, na tangu hapo kadi za namna hii zimeongezeka zisihesabike, zikatumiwa na walimu, washauri nasaha, maofisa wa ustawi wa jamii na hata wakuu wa makampuni. Muradi wake ni mmoja: mtu ayatazame yaliyo nje ya nafsi yake, katika picha, na kupitia picha apate njia ya kuyasema yaliyo ndani.

Mimi naikubali njia hii na nataka ienee Kilimanjaro. Lakini naikubali kwa sharti, na sharti lenyewe linahitaji kwanza kukumbuka kwamba mlima huu haukungoja Bendigo ili kujua kwamba alama iliyochorwa yaweza kufungua mazungumzo juu ya utu wa mtu.

Wachagga wa zamani walikuwa na mregho. Ulikuwa fimbo iliyochongwa mikato na alama, ambayo mwalimu wa vijana waliotiwa jandoni aliishika mbele yao, akaigusa alama moja baada ya nyingine, na kila alama ilikuwa na fundisho lake: jinsi mwanadamu anavyoumbwa na kukua, jinsi anavyopaswa kukaa na wazazi wake, na mke wake, na watu wa ukoo wake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika nchi ya Uchaggani mwaka 1902 akakaa Moshi ya Kale kwa miaka mingi, aliyakusanya mafundisho ya aina hii akayachapisha kwa Kijerumani katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Na Otto Raum naye, katika kitabu chake juu ya utoto wa Mchagga kilichotoka mwaka 1940, aliueleza mregho na mahali pake katika malezi. Jando lenyewe lilikwisha dhoofika, likiwa limebanwa na misheni na serikali, na mregho ukaondoka mikononi mwa walimu ukaingia vitabuni. Hilo ni jambo la kusikitisha, hata kwa mtu asiyetamani kuyarudisha yote yaliyokuwamo katika mafundisho yale.

Tazama jinsi chombo kile kilivyofanya kazi. Alama ya mregho haikusomeka kwa mgeni. Mkato ni mkato tu, na aliyeuona bila mwalimu hakuambulia kitu. Maana ilikaa katika kinywa cha mtu mzima aliyeheshimiwa, aliyeisema mbele ya kundi, nayo ikashikwa na kundi zima. Kwa hiyo chombo kilikuwa bubu kwa makusudi, na ububu wake ndio uliowalazimisha watu wazungumze. Majirani zetu wa upande wa Usambara na nchi za jirani zake walitumia vinyago vya udongo kwa kazi kama hiyo: Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alivikusanya, na katika kitabu chake cha mwaka 1956 akaonyesha kwamba kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake ambalo mwari alifunuliwa. Mbali zaidi, katika misitu ya mashariki ya Kongo, Walega walio katika chama cha Bwami hutumia sanamu ndogo za mbao na pembe, na kila sanamu huambatana na misemo inayotaja tabia njema ya kufuatwa au tabia mbaya ya kuepukwa. Hakuna hata mahali pamoja, katika haya matatu, ambapo mtu alipewa alama akaenda nayo pembeni kujichunguza peke yake.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha neno langu. Kadi za ng'ambo, aghalabu, zimetungwa kwa mtu aliyezoea kujieleza: huchagua kadi, hujitazama, hujinenea. Kadi hiyo hiyo ikitumiwa Njoro kwa mwenendo huo hugonga ukuta ule wa adabu nilioutaja, na mshauri asiyejua sababu atasema kwamba watu wetu hawajiamini. Walakini igeuze njia, umwambie kila mmoja achague kadi kwa ajili ya mwenzake, aiweke mbele yake, kisha aseme ni tendo gani aliloliona. Papo hapo utaona ndimi zinafunguka, kwa sababu aliyekatazwa kujisifu hakukatazwa kutoa ushahidi wa haki juu ya jirani yake. Dini zote mbili zinauhimiza ushahidi wa haki, na mila pia.

Nililiona hilo kwa macho katika kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Njoro. Kikundi hicho, kama vilivyo vingi vya aina yake, kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu walio mbalimbali, ili asiwepo awezaye kulifungua peke yake. Kadi zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka. Mama mmoja, muuza mboga, alizipitia kwa muda, akainua iliyochorwa funguo zilizofungwa katika pindo la khanga, akaiweka mbele ya bibi mmoja mtu mzima.

"Bibi, hii ni yako."

"Yangu kwa lipi? Mimi nimefanya nini?"

"Siku ya msiba wa kaka yako, Bibi, sisi tulisema leo sanduku halifunguliwi. Wewe ukamtuma mjukuu na ufunguo kabla jua halijatoka, maana ulijua kuna mwenzetu ana karo ya kulipa asubuhi ile."

Bibi alikaa kimya, akaligeuza lile pindo la khanga yake mwenyewe, kisha akasema, "Kumbe mliona." Wala hakukanusha tena.

Jambo la kwanza la kuzingatia hapa ni kwamba yule mama hakusema, "Bibi, wewe ni mwaminifu." Sifa iliyotamkwa hivyo, ikiwa tupu, bibi angeikataa kwa adabu, na wenzake wangeipokea kama maneno ya heshima tu ambayo huambiwa kila mzee. Alichopewa ni tendo lenye siku yake, saa yake na ithibati yake, na tendo halikataliki. Ndiyo maana naamini swali la thamani kuliko yote katika kikao cha kadi ni fupi mno: lini? Kila mtu anaposema mwenzake ni mvumilivu, mkarimu, jasiri au mwenye busara, mwenye kuongoza aulize ni lini alipoonekana hivyo, na asiipokee sifa mpaka tendo litajwe. Hapo hatari ya mgema huondoka, kwa sababu mgema wa methali alisifiwa yeye, ilhali bibi yule alirudishiwa kazi yake aliyoifanya, nayo haimvimbishi mtu kichwa bali humkumbusha alichokwisha kuweza.

Jambo la pili ni la mchoraji. Nilimwuliza mwenye kadi zile picha ya funguo ilikusudiwa nini, akaniambia ni uangalifu wa mali. Akina mama hawakuona uangalifu wa mali. Waliona mtu aliyekumbuka shida ya mwenzake akiwa ndani ya matanga yake mwenyewe. Lau kadi ingalikuwa na neno lililopigwa chapa chini ya picha, neno hilo lingaliwashika mkono na kuwapeleka kwingine, na lile la bibi lisingalisemwa. Kwa hiyo nashauri kadi ziwe bila maandishi upande wa mbele. Anayeogopa kwamba wasiosoma na wanaosoma watatofautiana katika kuifasiri picha aiache hofu hiyo, kwani tofauti hizo ndizo mazungumzo yenyewe.

Hekima hii haikosi ushuhuda katika elimu ya watu wazima. Paulo Freire wa Brazili, alipoanza kuwafundisha wakulima na vibarua kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, alimwomba mchoraji Francisco Brennand atengeneze picha za maisha ya kila siku, na watu walijadili picha kabla ya kufundishwa herufi. Hapa kwetu, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na kilichoziimarisha sauti za redio ni mazungumzo ya kikundi yaliyofuata. Tena, Lyra Srinivasan na wenzake walibuni njia ya mafunzo shirikishi iliyojengwa juu ya nguzo tano, ambazo ni kujithamini, nguvu za kushirikiana, ubunifu wa kutumia kilichopo, kupanga matendo na kuwajibika. Na kutoka katika njia hiyo Shirika la Afya Duniani na wenzake wakaunda, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa kufundisha usafi kwa kadi za picha, ambao Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika zilizoujaribu kwanza.

Katika mpango ule wanakijiji hupewa rundo la picha wakaambiwa wazigawe mafungu matatu: mambo mema, mambo mabaya, na yaliyo katikati. Mwongozaji hana ruhusa ya kusahihisha. Na yeyote aliyewahi kukaa katika kikao hicho anajua kwamba mafungu mawili ya kwanza hukamilika upesi, bali fungu la katikati ndilo linalowafanya watu wabishane mpaka kivuli kihame. Naona kadi za sifa zinahitaji fungu hilo kuliko hata kadi za usafi. Ukarimu ni sifa, lakini yupo mama aliyekopesha mtaji wote kwa ndugu akabaki bila duka. Uvumilivu ni sifa, lakini yupo mke anayepigwa, na kila jirani anamsifu kwa uvumilivu wake, na sifa hiyo ni kufuli iliyomfungia ndani ya nyumba. Kadi ya uvumilivu isiwekwe mbele ya mwanamke huyo kamwe; iwekwe katika fungu la katikati, kikundi kiulize uvumilivu wa kitu gani, kwa faida ya nani, na mpaka lini. Kikao kisichothubutu kuuliza hivyo kitageuka kuwa mahali pa kuwasifu watu kwa kukubali dhuluma.

Picha zenyewe je? Mwaka 1960 mtafiti William Hudson alitangaza majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini kwa picha ya mwindaji mwenye mkuki, paa aliye karibu, na tembo mdogo aliyechorwa kilimani kwa mbali. Wapo waliosema mwindaji anamlenga tembo, kwa kuwa hawakuzoea desturi ya mchoraji wa Kizungu ya kumdogosha aliye mbali. Wataalamu wa baadaye waliikosoa njia yake, na ukosoaji ulikuwa wa haki, lakini funzo moja linabaki: kuchora kuna mila yake, na picha ya mgeni hubeba mila ya mgeni. Mnara wa taa unaowaongoza mabaharia, ambao katika baadhi ya kadi za ng'ambo ni alama ya mtu wa kutegemewa, hausemi neno kwa mkulima wa huku mlimani asiyewahi kuiona bahari.

Nasi hatuna udhuru wa kuazima macho, maana mlima huu umezaa wachoraji. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na London, na ambaye baada ya uhuru alikuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza, alichora maisha ya Uchaggani maisha yake yote: watu wakishirikiana kazi, wakichuma kahawa, wakibeba mizigo katika migomba, na picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Elimo Njau wa Marangu, katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, alichora maisha ya Yesu ukutani katika nchi ya Wakikuyu, na watu wake wakiwa na nyuso za wenyeji. Ntiro hakuchora ushirikiano kama neno. Alichora migongo iliyoinama pamoja, na kila mtazamaji anaweza kuijua ya kwake.

Kadi za Moshi zingetoka katika shina hilo. Nizitaje chache ninazozitamani. Mfereji wa maji uliochimbwa ubavuni mwa mlima, na mtu mmoja akizibua takataka ambapo maji yatamfikia mwingine aliye chini. Jani la sale, ambalo kwa desturi ya Wachagga aliyekosa humpelekea aliyemkosea akiomba radhi: kadi hiyo ingewatoa watu habari za kusamehe na za kukiri kosa, mambo mawili yanayohitaji ushujaa mkubwa kuliko ugomvi. Kijana anayesukuma mkokoteni wa mzee asiye jamaa yake. Mwanamke amesimama na watu msibani, mkononi ana sufuria, wala hasemi kitu. Na kwa kuwa Njoro ni mtaa wa mji, wenye watu wa makabila na dini mbalimbali, isikose kadi ya majirani wawili, mmoja akipeleka sahani kwa mwenzake siku ya Idi na mwingine akiirudisha siku ya Krismasi. Tena zichorwe kubwa, kiasi cha nusu ya daftari la shule, juu ya karatasi ngumu ya manila, zisifanane na karata. Wazee wengi, wa msikitini na wa kanisani, wakiona karata huona kamari, na kikao kitakuwa kimeharibika kabla hakijaanza.

Limebaki onyo moja, nalo nalisema kwa ukali kidogo. Kadi hizi zikiingia mikononi mwa mwajiri anayetaka kujua nani wa kupandishwa cheo, au mwalimu anayetaka kuwapanga wanafunzi, zitakufa siku hiyo hiyo, kwa sababu mtu akijua kwamba sifa yake inaandikwa mahali ataichagua sifa inayolipa. Lisiandikwe jina, isipigwe picha, isihifadhiwe orodha. Wala mtu asiye na chakula asiambiwe kwamba ana nguvu za ndani ili asidai haki yake ya nje. Msichana aliyekatizwa masomo kwa kukosa karo anahitaji karo, na kadi haiwezi kumlipia. Kinachowezekana ni hiki tu, nacho si kidogo: waliokaa pamoja miaka mingi wakijuana kwa madeni na makosa wapate kujuana pia kwa matendo mema waliyoyaona na kuyanyamazia.

Basi nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wa Manispaa ya Moshi, walimu wa ushauri nasaha katika shule zetu, na viongozi wa vikundi na jumuiya, kabla hawajaagiza kadi kutoka nje wamwite mmojawapo wa wachoraji wa mabango waliojaa mjini, wamketishe na wazee na vijana wa mtaa, wamwache achore watakayomsimulia, na wamlipe ujira wake kamili.